Maharage yakijikunja majani, usikimbilie dawa kwanza

Wakulima wenzangu wa Mbeya, Mbozi, Iringa mpaka Njombe, swali ni lile lile kila msimu: maharage yamejikunja majani, nipige dawa gani? Na watu hawafurahi kabisa wakijibiwa kwamba kama ni virusi hakuna dawa ya kutibu, hata ile ya bei mbaya.

Sasa utajuaje ni virusi? Chuma jani changa la juu lile la vipande vitatu, liangalie vizuri kwenye mwanga. Batobato, ndo huo ugonjwa wa virusi, utaiona kwa mabaka, sehemu kijani iliyokolea sehemu kijani iliyofifia, na ile iliyokolea mara nyingi inafuata mishipa ya jani, kingo zinajikunja kwenda chini na jani lina vimbevimbe, halafu mmea wenyewe umedumaa. Ukiona njano tupu isiyo na mabaka imeanzia majani ya chini, hapo fikiria upungufu wa nitrojeni. Kutu nayo ukiifuta kwa kidole inakuachia unga wa kahawia, virusi havina unga. Halafu kuna kitu watu wanakisahau, jirani kapiga 2,4-D, ile dawa ya kuua magugu, kwenye mahindi yake upepo ukaileta kwako, maharage yatajipinda ajabu, lakini yatakuwa mengi upande wa mpakani na hata magugu ya majani mapana ya pale yamejipinda.

Kuna aina nyingine ya virusi mbaya zaidi, wataalamu wanaiita BCMNV. Hii kwenye baadhi ya mbegu zenye ukinzani wa batobato haileti mabaka, inaua. Mishipa ya majani machanga inakuwa myeusi kama wavu, ncha inakauka, ukichana shina ndani kuna weusi. Wengi wanasema ni mnyauko wa fangasi wanamwaga dawa ya fangasi bure, wakati mnyauko wa fusari, yaani huo wa fangasi, kwa kawaida unaanza na majani ya chini kuwa njano na huu unaanzia juu.

Vinavyoeneza ni vidukari, wale wadudu mafuta, na hapa ndo dawa inaposhindwa maana kidukari akidunga jani muda mfupi tu keshaambukiza, anakufa baadae kazi keshaimaliza. Ila chanzo kikubwa shambani ni mbegu, mche uliotoka na ugonjwa kwenye mbegu unaonyesha mapema kabisa, kwa hiyo pita mistari yako miche ikiwa bado midogo, ing'oe yote yenye mabaka uifukie au uichome nje ya shamba, ukisubiri maua umechelewa.

Na mbegu ya msimu ujao usichague kwenye debe, punje yenye kirusi inaweza kung'aa vizuri tu. Chagua shambani mimea ikiwa bado na majani, ifunge kamba ile mizima, vune peke yake. Kama shamba zima limechafuka, kula au uza hayo maharage yote, mbegu kaulizie kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole au duka lenye mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, na uwaambie kabisa kwamba shida yako ni batobato au ni ule weusi wa kuanzia juu, maana mbegu inayofaa kwa mmoja siyo lazima ifae kwa mwingine.