Bekapu ya usiku ikikataliwa ufunguo, kaulize seva inayopokea

Nahudumia seva mbili za SACCOS ya wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Moja iko ofisini Makole na ndiyo yenye hesabu za wanachama. Ya pili iko Kondoa, kazi yake kupokea nakala kila usiku. Saa nane za usiku hakuna mtu wa kuandika nenosiri, kwa hiyo seva ya Makole huingia ya Kondoa kwa ufunguo wa SSH, programu ya kuingia kompyuta ya mbali kwa usalama. Ufunguo ukikataliwa, marejesho ya mkopo aliyoleta mama wa Hombolo mchana yanabaki yameandikwa sehemu moja tu. Ndiyo maana jambo hili nalipa uzito, na namwandikia kijana yeyote aliyekabidhiwa seva kama hizi.

Ukiona `Permission denied`, usikimbilie kutengeneza ufunguo mpya, wala usiguse `chmod 777`, amri inayompa kila mtu ruhusa zote. Jaribu kwanza kuingia kama yule anayeingia usiku. Wengi hujaribu kwa akaunti zao, wanapokelewa vizuri, wanabaki kushangaa. Kron, programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, haina ssh-agent yako (inayokushikia funguo) na haisomi `.bashrc` yako (mipangilio yako). Kazi ikiwa kwenye crontab (orodha ya kazi za kron) ya root, yaani msimamizi mkuu, ufunguo hutafutwa `/root/.ssh`, si nyumbani kwako. Kwetu kazi hii ina akaunti yake, `bekapu`, nami huandika hivi:

`sudo -u bekapu env -i PATH=/usr/bin:/bin ssh -v -i /home/bekapu/.ssh/ufunguo -o BatchMode=yes -o IdentitiesOnly=yes bekapu@kondoa true`

`env -i` inaondoa mazingira yote uliyozoea. `BatchMode` inaizuia SSH isiulize chochote, kama usiku. `IdentitiesOnly` inahakikisha unapelekwa ufunguo huo tu. Mashine yenye funguo nyingi huweza kufukuzwa kabla haijafika kwenye ule sahihi, maana seva kwa kawaida huvumilia majaribio 6.

Sasa soma majibu. Ukiona `Offering public key` halafu SSH ikaendelea na njia nyingine, seva ya mbali ndiyo iliyokataa. Ukiona `Server accepts key` na bado ukashindwa, seva ya mbali haina kosa: ufunguo wa siri ulio kwako umefungwa kwa nenosiri ambalo hakuna wa kuliandika, au haulingani na ufunguo wa wazi, faili la `.pub` lililo pembeni yake. Onyo kwamba ufunguo uko wazi mno maana yake wengine wanaweza kuusoma, na SSH haiutumii. Uweke 600, asomaye na kuandika awe mwenye nao tu. Ikija `Host key verification failed`, suala si ufunguo wako. Akaunti ya `bekapu` haijaitambua seva ya Kondoa, au seva ile imebadilishwa. Hapo usizime ukaguzi ili kazi ipite. Mpigie simu aliye Kondoa aendeshe `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`, akusomee alama herufi kwa herufi, ulinganishe na unayoonyeshwa.

Ikiwa seva ndiyo iliyokataa, usikae upande wa Makole ukikisia. Seva inayopokea inajua sababu, ila kwa usalama haimwambii anayebisha hodi. Ingia huko kwa njia nyingine na usome logi, yaani kumbukumbu za matukio: `sudo journalctl -u ssh` kwa Ubuntu na Debian, `-u sshd` kwa Rocky na AlmaLinux. Angalia na saa. Seva nyingi huja zikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa 3. Kazi ya `0 2 * * *`, yaani saa nane usiku kila siku, kwenye seva ya namna hiyo huanza saa kumi na moja alfajiri yetu. Logi ya Kondoa ikiwa kwenye saa yetu, ukitafuta kwenye mistari ya saa nane usiku hukuti kitu. `timedatectl` itakuambia.

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni `bad ownership or modes`. SSH hukagua folda ya nyumbani, `.ssh` na `authorized_keys`, faili lenye funguo zilizoruhusiwa kuingia. Chochote kati ya hivyo kikiwa kinaandikika na mtu mwingine, ufunguo hausomwi kabisa. Hapo ndipo 777 inapoharibu. Tiba ni `chmod go-w` kwa folda ya nyumbani, 700 kwa `.ssh`, 600 kwa `authorized_keys`, na vyote viwe mali ya `bekapu`, si root. Kwa Rocky na AlmaLinux ongeza `restorecon -Rv /home/bekapu/.ssh`, inayorudisha lebo za usalama za SELinux.

Ruhusa zikiwa sawa, fungua `authorized_keys`. Ufunguo uliotumwa kwa WhatsApp ukabandikwa kwa mkono mara nyingi hukatika mistari miwili, wakati unatakiwa kuwa mmoja. Angalia pia kama `AllowUsers`, orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kwenye faili la mipangilio `sshd_config`, imeiacha nje akaunti hii.

Logi ikitaja `ssh-rsa` na `PubkeyAcceptedAlgorithms`, mashine inayotuma ni ya zamani. OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 iliacha kukubali saini za RSA (aina ya ufunguo) zinazotumia SHA-1, njia ya zamani iliyo dhaifu. Sasisha programu upande wa kutuma, au tengeneza ufunguo wa ed25519, unaokubalika tangu toleo la 6.5 la 2014. Huu ndio wakati pekee ninapokubali ufunguo mpya kuwa dawa.

Mlango ukifunguka, ubane. Ufunguo usio na nenosiri ukiibwa Makole usimpe mwizi seva nzima ya Kondoa. Mbele ya ufunguo, kwenye mstari huohuo, naweka `restrict,command="rrsync -wo /data/nakala"`, ili uweze kupeleka nakala kwa rsync tu, programu ya kunakili mafaili. Fanya hivyo baada ya majaribio, kwa sababu kuanzia hapo ile amri ya `true` tuliyojaribia mwanzo itakataliwa, na njia unazoandika kwenye rsync zitahesabiwa kuanzia ndani ya `/data/nakala`. Mwishoni mwa mstari wa kron weka `>> /home/bekapu/bekapu.log 2>&1`, kisha asubuhi fungua faili moja lililofika Kondoa uone kama linasomeka.