Chuo Ujerumani kutoka Mombasa: kabla ya viza, soma jina lako

Kila Septemba simu yangu huingia ujumbe ule ule: "Kaka, nimepata chuo, sasa viza nifanyeje?" Muhula wa baridi huanza Oktoba. Anayeuliza hivyo Septemba ameshachelewa, na mara nyingi kilichomchelewesha si ubalozi, ni karatasi zilizokaa kabatini kwa mamake.

Naeleza njia ya Ujerumani kwa kuwa ndiyo niliyopita. Vyuo vingi vya serikali huko havitozi karo. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo linalowatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na kuna vyuo vichache kwingineko vilivyoanza kutoza. Angalia kabla hujaupenda mji.

Hatua ya kwanza: tandaza karatasi mkekani. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya), cheti cha kumaliza shule, paspoti kama unayo. Soma jina herufi kwa herufi, na mtu mwingine akusomee tena. Sisi wa pwani ndio wenye mtihani huu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed Said, mwalimu alisajili Muhammad Saeed kwa mtihani, kitambulisho kikaongeza jina la ukoo ambalo babu tu ndiye alilitumia. Nyumbani ni kijana mmoja. Kwa karani anayekusoma kwenye faili, mko watatu.

Tofauti ikiwa ni ya herufi, kiapo mbele ya wakili kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja mara nyingi hutosha. Ikiwa jina zima limeongezeka au limepotea, itabidi hati ya kubadilisha jina, na itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Langu lilikula miezi minne. Maliza hilo kwanza, ndipo uombe paspoti kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, maana paspoti hufuata kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, na kosa la huko litasafiri nawe.

Hatua ya pili: jua mlango wako. Mwenye KCSE peke yake kwa kawaida haingii chuo kikuu moja kwa moja. Hupitia Studienkolleg, mihula miwili ya matayarisho inayoishia kwa mtihani. Kozi ya T ni ya uhandisi na hesabu, M ni ya udaktari na elimu ya viumbe, W ni ya uchumi. Thamani ya cheti chako utaiona kwenye anabin, hifadhidata ya Wajerumani iliyo wazi kwa kila mtu. Wakala mmoja wa mjini, simtaji, alinitoza shilingi 40,000 kunisomea ukurasa huo huo.

Hatua ya tatu: lugha. Studienkolleg nyingi hutaka Kijerumani cha B1 au B2, yaani viwango vya kati. Tuna vijana wa ufukweni Nyali na Diani wanaokizungumza kuliko mimi, walichokiokota kwa watalii. Lakini mtihani unauliza mpangilio wa sentensi na barua rasmi, na huko wengi huanguka. Kama unakijua cha ufukweni, usione haya kuanza na sarufi ya mwanzo.

Hatua ya nne ni maombi. Vyuo vingi hupokea kupitia uni-assist, ofisi ya huko inayokagua maombi ya wageni, euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata. Mwisho wa kuomba muhula wa baridi mara nyingi ni Julai 15. Tuma Mei.

Hatua ya tano, pesa, ndiyo inayovunja nyumba. Utatakiwa uonyeshe kuwa utaweza kuishi mwaka mmoja. Wengi hufungua Sperrkonto, akaunti iliyofungwa, na kuweka euro 11,904. Ukishafika unatolewa euro 992 kila mwezi, basi. Sasa, kwetu pesa hazikai benki. Ziko kwenye duka, kwenye mchele, kwenye mchango wa ukoo utakaopatikana wiki ya mwisho baada ya kikao kwa ami mkubwa. Kaeni kikao hicho mwaka mzima mapema, na kila anayechanga apitishe benki, hata kama ni kidogo kidogo. Kima kikubwa kikitua ghafla siku moja huzua maswali.

Hatua ya sita: ubalozi uko Nairobi. Panga miadi mara tu barua ya chuo ikitoka. Ada ya viza ni euro 75. Panda treni ya Nairobi kutoka Miritini siku iliyotangulia. Usiipande asubuhi ya miadi.

MASWALI YA WASOMAJI

Kijana, Changamwe: Kaka, hiyo Sperrkonto si mkopo wa riba?
Si mkopo. Ni pesa zako mwenyewe, unarudishiwa kwa mafungu ya mwezi. Kinacholipwa ni ada ya huduma. Ukikutana na fungu lolote la faida, muulize shehe wako, mimi si wa kutoa fatwa.

Mzazi, Kongowea: Mimi nauza viazi, sina hati ya mshahara. Mwanangu atakataliwa?
La, mzee wangu. Pesa zikiwa tayari kwenye akaunti iliyofungwa kwa jina la mtoto, hazihitaji mshahara wako kuzithibitisha. Ila weka leseni ya biashara na taarifa za benki karibu, ukiulizwa zimetoka wapi ujibu bila kubabaika.

Dada, Majengo: Naweza kufanya kazi nitume nyumbani?
Mwanafunzi wa kigeni huruhusiwa siku kamili 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Kodi ya nyumba itakula sehemu kubwa. Mwambie mama mapema, asingoje pesa kila mwisho wa mwezi.

Msomaji, Kisauni: Na Uturuki je?
Türkiye Bursları, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki, hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Kuomba ni bure, anayekutoza ada ya fomu anakuibia. Shahada ya kwanza wanataka uwe chini ya miaka 21.

Mama, Likoni: Binti yangu ataishi na nani huko?
Bwenini, mamangu, mabweni ya wanafunzi yanayosimamiwa na Studentenwerk, shirika la huduma za wanafunzi. Foleni ni ndefu, kwa hivyo aombe siku ile ile barua ya chuo inapofika. Wengi hupata chumba cha mtu mmoja na jiko la kushirikiana. Sufuria za jikoni humo hazina mwenyewe, na kila aina ya nyama imeshapikwa ndani yake. Aende na yake.