Kukata rufaa: hesabu siku kwanza, lawama baadaye

Ukikata rufaa Tanzania, anza kwa kujua kesi yako ilifunguliwa wapi, maana siku zinategemea hapo. Iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, iwe ya jinai au ya madai, huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Ukishindwa huko una siku 30 nyingine za kwenda Mahakama Kuu, ila rufaa hiyo huwasilishwa Mahakama ya Wilaya ileile iliyotoa uamuzi. Mtu wa Kondoa au Mpwapwa asikimbilie Dodoma mjini.

Kesi ya jinai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ina hatua mbili: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha sababu za rufaa ndani ya siku 45. Siku 10 ndizo zinazowaponyoka watu. Aliyefungwa, tuseme Isanga, hukabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza, naye huzipeleka mahakamani. Madai yaliyoanzia mahakama hizo ni siku 90. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni siku 45.

Omba nakala ya hukumu na mwenendo (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani) kwa barua, siku ileile ikiwezekana, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Muda wa kusubiri nakala hizo huondolewa kwenye hesabu. Lakini kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, sheria hailazimishi kuambatanisha nakala, kwa hiyo "nilikuwa nasubiri hukumu" ni utetezi dhaifu. Ukishachelewa, omba kuongezewa muda kwa kiapo kinachoeleza kila siku uliyochelewa. Kuandika "niliugua" bila cheti cha hospitali hakusaidii.

Sasa sababu zenyewe. "Hakimu hakunitendea haki" haimwambii jaji chochote. Kwa kesi ya wizi wa ng'ombe usiku, andika hivi: "Hakimu alikosea kumtia mrufani hatiani kwa utambuzi wa shahidi wa pili, ambaye hakueleza mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, wala alisimama umbali gani." Hapo jaji anajua afungue ukurasa upi. Usilete jambo ambalo halikusemwa kwenye kesi ya awali. Litakataliwa, isipokuwa hoja ya kisheria kama mahakama kukosa mamlaka.

Katika rufaa ya kwanza, jaji huupima upya ushahidi wote, ingawa kuhusu shahidi yupi anaaminika humwachia zaidi hakimu aliyemwona akizungumza. Rufaa ya pili ni nyembamba: pale mahakama mbili za chini zimekubaliana juu ya ukweli, haziguswi ila kama zimeusoma ushahidi vibaya. Kosa la utaratibu peke yake halifuti hukumu; onyesha limekuumiza vipi. Kesi huamriwa isikilizwe upya pale mwenendo wa awali ulipokuwa batili, na si ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake. Aliyekiri kosa hubaki na hoja ya adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake, labda kama kukiri kwenyewe kulikuwa na utata.

Ukienda Mahakama ya Rufani, ambako majaji watatu husikiliza, notisi ni siku 30.

Na kwa madai, kufungua rufaa hakuzuii nyumba yako kukamatwa. Peleka ombi tofauti la kusimamisha ukazaji wa hukumu, yaani kutekelezwa kwake, na uwe tayari kuweka dhamana.