Unatoka Uganda na unataka kuingia kwenye kizimba cha papa? Jipange hivi

Watu wakisikia unaenda kuangalia papa wanauliza tu kama huogopi kuliwa. Papa ndo shida ya mwisho kabisa jamani. Kinachoharibia watu hii safari ni makaratasi, baridi na tumbo, na sisi tuliokulia mbali na bahari hayo mawili ya mwisho yanatupiga vibaya.

Wengi wanaenda Afrika Kusini, mahali panaitwa Gansbaai, kama masaa mawili na kitu kwa gari kutoka Cape Town, boti zinaondokea kwenye kabandari kadogo ka Kleinbaai. Ukiwa na pasipoti ya Uganda utahitaji viza, so ianze mapema, usilipe boti kwanza alafu ndo ukimbizane na viza. Kingine ni kadi ya homa ya manjano, lazima uwe umechanjwa angalau siku 10 kabla ya kufika, na juu Uganda ni nchi yenye huo ugonjwa wataiulizia kweli. Kama ulishachanjwa zamani usirudie, tangu 2016 sindano moja inahesabika maisha yote, kazi ni kuitafuta tu kadi, na mimi nakwambia iko kwenye ule mfuko wenye vyeti vyako vya shule. Uganda Airlines inakutoa Entebbe mpaka Johannesburg, hapo unachukua ndege ya ndani. Shilingi zetu huko hazisaidii, zibadilishe ziwe dola ukiwa bado Kampala.

Mwezi gani? Kuanzia Mei mpaka Septemba ndo maji huwa safi unaona mbali, lakini ndo baridi yao na upepo, boti inaweza kukosa kutoka. Na usidanganywe na picha za zamani. Yule papa mkubwa mweupe saivi Gansbaai ni wa bahati, tangu 2017 orka wawili (wale nyangumi wauaji weusi na weupe) walioitwa Port na Starboard wamekuwa wakiwaua na kuwatoa maini, wale papa wengine wakahama. Utakaowaona sana ni papa wa rangi ya shaba, wanafika mita tatu, na mita tatu ukiwa nayo hapo usoni inatosha bana. Kama roho yako inataka mweupe tu, uliza habari za Mossel Bay, ni karibu kilomita 400 kutoka Cape Town, na hata huko hakuna anayekuahidi.

Cheti cha kuzamia hakihitajiki. Kizimba kinafungwa ubavuni mwa boti na juu kinabaki nje ya maji, unasimama ndani kichwa kikiwa nje unapumua kawaida, papa akija yule jamaa wa boti anapiga kelele "down!" na anakwambia upande gani, unavuta pumzi unajivuta chini. Kwa hiyo cha kufanyia mazoezi ni kubana pumzi kidogo na kuzoea uso kuwa ndani ya maji, bila kupanik. Fanya kwenye pool ya hoteli. Ziwani Entebbe achana nako, kuna kichocho. Kama una ndevu nyingi au masharubu, ujue ile miwani ya maji itavujisha pale juu ya mdomo, wanaume wengi wanaishia kumeza chumvi kwa sababu hiyo tu. Miwani yako ya kusomea haiingii chini yake.

Baridi sasa. Maji ya kule ni nyuzi 12 mpaka 17 hivi, na Ziwa Victoria letu liko kwenye 25, yani hata mtu wa Kabale atashtuka. Boti wanakupa suti nene ya mpira na soksi zake, lakini maji ya kwanza yanaingia shingoni yanateremka mgongoni, hapo utapiga ukelele, ni kawaida, baada ya dakika chache mwili unayapasha. Wengi wanasahau baridi ya KUTOKA. Umelowa, upepo unapiga, na boti bado iko pale lisaa lizima. Nenda Owino utafute jaketi nene la mitumba lisilopitisha upepo, kofia ya sufi, taulo na nguo kavu kabisa mpaka za ndani. Jaketi zuri la baridi Owino ni bei rahisi kuliko utakalonunua Cape Town, hiyo sina shaka.

Tumbo. Boti ikitembea uko sawa, ikishatia nanga na kuanza kuyumba, alafu wakamwaga ule mchuzi wa samaki wa kuita papa, harufu hiyo ikikupata hata katogo ya jana inarudi. Ukitaka kujijua panda meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, siku yenye upepo, masaa matatu na nusu hivi, ukitapika hapo basi baharini ni hakika. Muulize mfamasia dawa ya kichefuchefu cha safari, nyingi zinamezwa kabla ya kupanda, ukishaanza kutapika umechelewa. Asubuhi kula mkate mkavu au ndizi, usile mafuta, na usiende na tumbo tupu pia. Kwenye boti kaa nyuma, angalia mbali pale bahari inapokutana na mbingu, simu weka mfukoni.

Ndani ya kizimba kuna chuma cha kushikilia kwa ndani, shika hicho hicho, vidole na kamera visitoke nje hata kama papa anaonekana amelala.

Kabla ya kulipa uliza swali moja: papa asipotokea inakuwaje? Wengi wanakupa vocha ya kurudi siku ingine, na vocha ya Kleinbaai kwa mtu anayekaa Mbarara ni karatasi tu. So panga boti siku yako ya kwanza kule, uache siku mbili tatu nyuma yake, na uwaandikie kabisa kwamba ukikosa utapanda kesho yake.