Gari la Kulala Ndani: Ya Kuangalia Kabla Hujapita Mazeras

Kama safari yako ya kwanza ndefu na gari la kulala ndani ni kutoka Mombasa kupanda bara, haya yaangalie gari likiwa bado uani kwako. Ukishapita Mazeras, umechelewa.

Gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe kabla ya kuondoka, si kwenye jiko tu. Makabati yatiwe komeo, la sivyo tuta la kwanza litakuletea sahani mpaka kwenye usukani. Pima kimo cha gari pamoja na sola iliyo juu, ukiandike kwa kalamu nzito mbele ya dereva. Aliyezoea gari dogo husahau, na baadhi ya mapaa ya vituo vya mafuta ni mafupi. Friji ya gesi haipoozi vizuri gari likisimama kiupande, kwa hiyo usimkimbilie fundi kabla hujatazama sakafu. Friji ya umeme iwe na betri yake, isinyonye ile ya kuwashia gari.

Maji: lita moja ni kilo moja. Ukijaza tangi la lita 100 Mombasa, umebeba kilo 100 mpaka Voi, na Voi maji yapo. Jaza robo.

Sasa tairi. Hapa nitakaa, kwa maana ndipo niliposhikwa.

Gari letu nililinunua kwa mtu aliyeliegesha miaka chini ya mwembe. Tairi zilikuwa na meno kama mpya, nami nikaona nimepata. Tukatoka Januari, kaskazi imeshika, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe aliyekataa kuacha kiti chake cha kukunja. Mackinnon Road tulisimama kwenye kaburi la Sayyid Baghali, tukasoma Fatiha kama wafanyavyo madereva wengi, tukaendelea. Kabla ya Maungu, tairi ya nyuma ikapasuka.

Nikawaambia watu watulie, ni dakika ishirini tu. Spea iko wapi? Fundi aliyetengeneza gari aliweka tangi la maji mahali pa spea, na spea akailaza chini ya kitanda. Juu ya kitanda, godoro. Juu ya godoro, nusu ya nyumba yetu. Tukaanza kushusha: sufuria, ndoo, mito, gunia la mkaa, mbuzi ya kukunia nazi (nani hukuna nazi safarini, usiniulize), vyote vikapangwa kando ya barabara kuu. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo. "Mzee, hilo godoro pesa ngapi?" Mama mkwe, ameketi kitini mwake, akamjibu kwamba haliuzwi, lakini mkwe wake anauzwa.

Spea ikatoka. Jeki nayo ilikuwa ya kigari kidogo. Badala ya kuinua gari, ikazama mchangani. Tulikaa juani zaidi ya saa mbili, mpaka dereva mmoja wa lori akasimama, akatoa jeki yake ya tani 10 na kipande cha ubao wa kuweka chini yake. Alimaliza kabla hatujarudisha sufuria. Kisha akaniinamisha kwenye tairi iliyopasuka, akanionyesha tarakimu nne ubavuni: 1412. Wiki ya 14, mwaka 2012. Meno hayakuwa yameisha kwa sababu gari halikutembea, lakini mpira ulikuwa umezeeka palepale chini ya mwembe.

Kwa hiyo soma hizo tarakimu kwenye kila tairi, na spea pia. Halafu, wiki moja kabla ya safari, pakia gari kila kitu utakachobeba, tia na maji, kisha toa gurudumu moja ulirudishe. Wewe mwenyewe, si fundi wako. Hapo utajua kama jeki inatosha, kama spana inaingia kwenye nati, kama spea inafikika bila kuhamisha nyumba. Ubao uwe garini. Upepo pima alfajiri kabla tairi hazijapata moto, na usiupunguze katikati ya safari kwa kuona umepanda. Joto ndilo lililoupandisha.

Yaliyobaki unayajua. Usiendeshe usiku, kuna malori yameharibika barabarani bila taa, na ukishapita Voi kuna ndovu. Ukitaka kulala ndani ya Tsavo, lipia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kabla hujafika langoni, na ufike mapema, kwani malango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Ukilala kituo cha mafuta, zungumza na mlinzi kwanza. Pembetatu mbili, kizima moto, tochi yenye chaji. Mtu mmoja nyumbani ajue mtalala wapi kila usiku. Na kandambili ziwe mlangoni, si chini ya godoro.