Somo: Kuzama na mtungi wa hewa Ghuba ya Chole, Mafia, na suala la masikio

Wakuu, swali la masikio kuuma mtu akishuka nimelijibu hadi nimechoka. Naliweka hapa, atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

1. Lipa kiingilio cha hifadhi, tunza risiti.

2. Soma maji. Mlango wa Kinasi, pale ghuba inapofunguka baharini, tunazama yakijaa: yanaingia safi kutoka bahari kuu. Yakitoka, yanakukokota nje. Mgeni aje siku za maji mafu (yanayopanda na kushuka kidogo), aliache bamvu (maji makubwa yenye nguvu).

3. Mkanda wa uzito wenye vipande vya risasi, fulana ya kuelea, mapezi. Vuta pumzi tatu huku ukitazama geji ya hewa. Mshale ukichezacheza, mtungi haujafunguliwa sawasawa.

4. MASIKIO. Mita 10 tu chini, shinikizo ni mara mbili ya juu, kwa hiyo kazi kubwa ya kusawazisha masikio iko mwanzoni. Bana pua, puliza taratibu, kila nusu mita, KABLA ya maumivu. Sikio likigoma, panda mita moja, jaribu tena. Usilazimishe. Mwaka wangu wa kwanza nilishuka na mafua, nikaona haya kurudi juu mbele ya wenzangu. Kwenye mita 6 sikio la kushoto lilipiga mluzi mwembamba, kisha baridi ikaniingia kichwani na bahari yote ikazunguka. Nilikumbatia kamba ya nanga hadi nilipojua juu ni wapi. Ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka. Wiki sita nchi kavu. Na dawa ya kuzibua pua isikudanganye: ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inakwama sikioni wakati wa kupanda.

5. Panda polepole, mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika tatu. Usizuie pumzi kamwe.

Swali: Mkuu, nina mafua kidogo tu, nazama?
Jibu: Namba 4.

Swali: Nimeisoma, ila nimeshalipia, na kesho alfajiri nina ndege.
Jibu: Basi sababu zimekuwa mbili. Ukizama mara moja unasubiri angalau muda wa saa 12 kabla ya ndege. Zaidi ya mara moja, 18. Vuka hadi kisiwa cha Chole ukawaone popo wakubwa mchana, wananing'inia mitini.

Swali: Kaka, mbona mkunga, yule samaki kama nyoka, anaachama muda wote, ana hasira?
Jibu: Hapana dada, anapumua. Anasukuma maji yapite kwenye matamvua. Mtazame koo, utaona linavyotuna na kunywea. Ukimkaribia taratibu hatajificha, ila mkono usiupeleke kwenye tundu lolote la mwamba.

Swali: Asante. Na miwani yangu mipya inashika ukungu.
Jibu: Isugue kioo kwa ndani na dawa ya meno nyeupe, suuza, rudia mara mbili tatu. Baada ya hapo mate yanatosha kila unapozama.