Namna ya Kufuatilia Chimbuko la Wimbo wa Wawili: Mfano wa Marvin Gaye na Tammi Terrell

Anayetaka kujua chimbuko la wimbo wa R&B ulioimbwa na wawili hana budi kwanza kuamua anatafuta chimbuko la kitu gani, kwa maana maneno yana kwao, sauti zina kwao, na rekodi yenyewe ina kwao. Nitaonyesha kazi hiyo kwa kutumia "Ain't No Mountain High Enough", uliotolewa Aprili 1967 na Marvin Gaye na Tammi Terrell. Ni wimbo ninaoupenda sana, na nyuzi zake zote tatu zinafuatika.

Anza na karatasi ya katikati ya santuri, au picha yake iliyo wazi, na usome majina ya watunzi, ambao mara nyingi si waimbaji. Hapa utakuta Ashford na Simpson, yaani Nickolas Ashford na Valerie Simpson, waliokutana katika kanisa la Kibaptisti la White Rock, Harlem, mtaa wa jiji la New York. Jina la lebo, Tamla, litakupeleka Detroit, kwenye kampuni ya kurekodi muziki ya Motown, ya Berry Gordy. Sasa una miji miwili mkononi, na swali la kwanza linajitokeza lenyewe: wimbo ulitokaje New York ukafika Detroit?

Majibu ya swali kama hilo yatafute katika mahojiano ya watunzi wenyewe kabla ya kusoma maelezo ya wengine. Ashford alieleza kwamba maneno yalimjia akitembea Manhattan, akiwa ameazimia kwamba jiji la New York halitamshinda. Simpson naye alisimulia kwamba walimpigia wimbo huo mwimbaji wa Uingereza, Dusty Springfield, naye akautaka, lakini wakamnyima kwa sababu waliutarajia uwafungulie mlango wa Motown. Kwa hiyo maneno ambayo wengi tumeyapokea kama ahadi ya wapenzi yalianza kama kiapo cha kijana anayehangaika mjini, na ugunduzi huo pekee unatosha kulipa jasho la utafiti.

Kisha tafuta watayarishaji. Harvey Fuqua na Johnny Bristol ndio waliosimamia rekodi, na ukiuliza Fuqua alikuwa nani utagundua kwamba Gaye aliwahi kuimba chini yake katika kundi la Moonglows kabla ya wote wawili kufika Motown. Hapo ndipo uulize jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalifikirii: je, waimbaji walisimama chumba kimoja? Terrell alirekodi sehemu yake peke yake, na sauti ya Gaye ikaongezwa baadaye. Vaa visikilizi, usikilize wimbo mara tatu au nne huku ukiandika ni wapi wanapokezana na ni wapi sauti zinapandana, nawe utastaajabia jinsi mafundi wa Detroit walivyounganisha pumzi mbili zilizotolewa nyakati tofauti zikawa mazungumzo.

Tarehe zipange zote kwenye safu moja, kwa sababu kosa kubwa katika utafiti huu ni kuusoma wimbo kwa macho ya mambo yaliyotokea baadaye. Terrell alianguka jukwaani Virginia mnamo Oktoba 1967, akafariki Machi 1970 akiwa na umri wa miaka 24 kwa uvimbe wa ubongo. Wimbo ulikuwa umekwisha kutoka miezi kadhaa kabla ya kuanguka huko, hivyo usiuandike kama wa kuagana. Vilevile, toleo la Diana Ross lililoshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1970 ni uzao wa lile la 1967, ingawa wapo wanaolidhani kuwa ndilo la asili kwa sababu ndilo walilolisikia kwanza.

Mwisho, utakapokutana na kauli zinazopingana, ziandike zote pamoja na jina la msemaji wa kila moja. Kuhusu albamu ya mwisho ya wawili hao, "Easy" ya mwaka 1969, Gaye alidai kwamba sehemu kubwa ya sauti ya kike ni ya Simpson, aliyeimba kwa niaba ya mgonjwa. Simpson alikana, akieleza kwamba yeye aliimba tu sauti za kumwongoza Terrell, ambaye baadaye aliingia studio na kuimba mwenyewe.